Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Shabiki Mwenzako Kupata na Kutazama Anime Mtandaoni

Swali ambalo shabiki mkongwe wa anime, yaani filamu na mifululizo ya Kijapani iliyochorwa, huulizwa kuliko yote ni fupi: "Hii nitaipata wapi?" Jibu nalo huwa fupi vilevile, yaani kiungo kinachotumwa bila maelezo yoyote, na mara nyingi kiungo hicho hufa kabla mwulizaji hajafika episodi ya tatu. Msaada unaomfikisha mtu mwisho wa hadithi una mambo manne ndani yake: jina sahihi la kazi anayoitafuta, mpangilio wa kuitazama, mahali halali palipo wazi katika nchi aliyopo, na gharama yake kwa fedha na kwa bando. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyapata yote manne, ukimfikiria zaidi mtazamaji wa Afrika Mashariki mwenye simu ya kawaida, ingawa ndugu zetu walioko Kongo, Oman na Marekani watatajwa pale ambapo hali yao inatofautiana na yetu.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kujibu

Anayeuliza kwa kawaida hutaja jina la anime peke yake, nawe ukijibu hapohapo utampa jibu linalokufaa wewe kuliko yeye. Mwulize yuko nchi gani, anatazamia simu au televisheni, ana uwezo wa kulipia au hana, na anasoma lugha gani kwa wepesi. Swali hili la lugha hupuuzwa mno. Huduma ya Crunchyroll, kwa mfano, huweka maandishi ya tafsiri kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kihispania, Kireno na lugha nyingine kadhaa, ila Kiswahili hakimo. Kijana wa Bukavu au Bujumbura anayebabaika na Kiingereza atafurahia zaidi ukimwelekeza kwenye maandishi ya Kifaransa, na ndugu aliyekulia Muscat akisoma Kiarabu hana sababu ya kuteseka na Kiingereza cha haraka kinachopita chini ya skrini. Si kila anime ina lugha zote hizo, kwa hiyo fungua ukurasa wa anime yenyewe uangalie kabla ya kumwahidi mtu.

Uliza pia ni nani atakayetazama. Wazazi wengi bado huamini kwamba kitu chochote kilichochorwa ni katuni ya watoto, na dada mkubwa anayemtafutia mdogo wake wa miaka 9 "kitu cha Kijapani" anaweza kupewa hadithi yenye damu na mambo ya chumbani bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Tovuti ya MyAnimeList huweka alama ya umri kwenye kila kazi: G ni ya rika zote, PG ni ya watoto, PG-13 ni ya kuanzia miaka 13, R ni ya kuanzia miaka 17, na juu ya hapo kuna ngazi za watu wazima peke yao. Kuiangalia alama hiyo ni kazi ya nusu dakika, na kwa maoni yangu ndiyo nusu dakika muhimu kuliko zote katika shughuli nzima ya kumsaidia mtu.

Hatua ya pili: itambue kazi yenyewe

Wengi hawana hata jina. Wameona kipande cha sekunde 15 chenye muziki mzito, au wametumiwa picha moja, nao wanataka kujua kimetoka wapi. Hapa ndipo msaidizi mwenye subira huonyesha thamani yake.

Ikiwa una picha ya skrini iliyotoka ndani ya anime, anza na tovuti ya trace.moe. Unapakia picha, nayo inakupa jina la anime, namba ya episodi na dakika ambayo tukio hilo linatokea, pamoja na asilimia inayoonyesha picha zimelingana kwa kiasi gani. Matokeo yaliyo chini ya asilimia 90 yachukulie kuwa huenda si yenyewe, hata kama jina linalotajwa ni maarufu. Chombo hiki hulinganisha picha nzima ya tukio, kwa hiyo kina udhaifu wake. Vipande vinavyozunguka TikTok mara nyingi vimegeuzwa kushoto kuwa kulia, vimezungushiwa mistari meusi, vimeandikwa maneno makubwa katikati au vimepakwa rangi nyingine, na kila mojawapo ya mambo hayo humchanganya mtafutaji. Kata mistari ya pembeni, geuza picha irudi upande wake wa asili kwa kutumia programu ya kuhariri picha iliyomo ndani ya simu, chagua sekunde isiyo na maandishi wala mwanga mkali, kisha ujaribu tena. Kama kipande ni video, simamisha mahali panapoonekana mandhari pamoja na mhusika, maana uso uliovutwa karibu sana hufanana na nyuso nyingine nyingi.

Ikiwa picha ni mchoro wa shabiki, trace.moe haitakusaidia, kwa sababu mchoro huo haumo ndani ya episodi yoyote. Tumia SauceNAO au Google Lens, ambazo hutafuta picha zinazofanana na yako na zinaweza kukutajia mhusika ni nani. Ikiwa kinachokumbukwa ni wimbo wa kufungulia, Shazam huutambua mara nyingi, na jina la wimbo ukilitafuta pamoja na neno "anime" litakupeleka kwenye kazi yenyewe.

Kinachobaki ni maelezo ya mdomo, na haya yanahitaji mahojiano. Tuseme mtu anakuambia, "Kuna msichana amekaa kwenye treni inayopita juu ya maji, pembeni yake kuna kiumbe cheusi chenye kinyago cheupe." Shabiki mzoefu atajua mara moja kwamba hiyo ni Spirited Away ya mwaka 2001, lakini usipoijua usikate tamaa. Uliza: ilikuwa filamu au mfululizo? Picha zilionekana za zamani au za kisasa? Mhusika mkuu alikuwa mtoto, mwanafunzi au mtu mzima? Mambo yalitokea shuleni, vitani, au katika ulimwengu wa mizimu? Majibu hayo yapeleke kwenye ukurasa wa utafutaji wa AniList, tovuti ya orodha za anime kama MyAnimeList, ambako unaweza kuchuja kwa mwaka, kwa aina na kwa vitambulisho vidogovidogo vya maudhui, hadi orodha ya mamia ibaki ya kazi chache unazoweza kumwonyesha picha zake moja moja.

Hatua ya tatu: hakikisha jina na mpangilio

Kazi moja huwa na majina mawili au matatu. Spirited Away kwa Kijapani huitwa Sen to Chihiro no Kamikakushi, na anayetafuta kwa jina moja anaweza kuambiwa haipo huku ipo kwa jina la pili. Mpe mwenzako majina yote mawili, la Kijapani kwa herufi za Kirumi na la Kiingereza, kama yanavyoonekana juu ya ukurasa wa MyAnimeList au AniList. Kwa aliyeko Kongo ongeza la Kifaransa, kwa kuwa baadhi ya kazi huuzwa kwa jina jingine kabisa katika lugha hiyo.

Mpangilio ni jambo zito zaidi, na ndiko wageni wengi wanakopotelea. Fullmetal Alchemist ina mifululizo miwili: wa mwaka 2003 wenye episodi 51, uliotengenezwa wakati manga yake, yaani hadithi ya michoro ya kusoma ilikotoka, haijaisha na hivyo ukajitungia njia yake, na Brotherhood wa mwaka 2009 wenye episodi 64, unaofuata manga hadi mwisho wake. Ule wa pili si mwendelezo wa ule wa kwanza, na anayeutazama akiudhani hivyo atashangaa kuona hadithi inaanza upya. Hunter x Hunter nayo ina mfululizo wa 1999 na mwingine wa 2011 wenye episodi 148, nao pia unaanzia mwanzo kabisa. Mtu asipoambiwa mwaka, ataingia popote.

Kisha kuna filamu zinazokaa katikati ya mfululizo. Katika Demon Slayer, filamu ya Mugen Train iliyotoka Japani Oktoba 2020 ni sehemu ya hadithi kuu, na anayeiruka kutoka msimu wa kwanza hadi wa pili ataona wahusika wanaomboleza jambo asilolijua. Mwaka 2021 filamu hiyo ilikatwakatwa ikawa episodi 7 za televisheni, kwa hiyo mtazamaji anahitaji kimoja kati ya viwili, akichagua filamu au hizo episodi. Filamu nyingine za mifululizo mirefu zimesimama peke yake na zinaweza kuachwa bila hasara. Sehemu ya mahusiano katika ukurasa wa MyAnimeList au AniList huonyesha kipi ni mwendelezo, kipi ni kitangulizi na kipi ni hadithi ya pembeni. Ifuate hiyo, umwandikie mwenzako orodha fupi yenye namba.

Kwa mifululizo mirefu ya zamani, mwonye kuhusu episodi za kujazia, yaani zile zilizotungwa na watengenezaji ili kuipa manga muda wa kusonga mbele. Naruto ya kwanza ina episodi 220 na Shippuden ina 500, na sehemu kubwa ya episodi za mwisho za ile ya kwanza ni za aina hii. Mwenye bando dogo anastahili kulijua jambo hilo mapema, kisha aamue mwenyewe kama ataziruka.

Unapofanya kazi hii, chunga mdomo wako. Usimwambie mtu "subiri ufike episodi ya 19 utaona", na mshauri asitafute majina ya wahusika mtandaoni kabla ya kumaliza, kwa sababu mapendekezo ya utafutaji yenyewe hufichua nani anakufa.

Hatua ya nne: tafuta mahali halali palipo wazi katika nchi yake

Haki za kuonyesha anime huuzwa nchi kwa nchi, au ukanda kwa ukanda. Anime nyingi hutengenezwa kwa fedha za kamati ya makampuni kadhaa, wakiwamo wachapishaji wa manga, vituo vya televisheni, studio za muziki na watengenezaji wa vitu vya kuchezea, na kamati hiyo humwuzia mnunuzi mmoja haki za eneo fulani na mwingine haki za eneo jingine. Ndiyo maana kitu kinachoonekana kwa binamu yako aliyeko Minneapolis kinaweza kutoonekana kwako Dodoma, na kinyume chake pia hutokea. Filamu za Studio Ghibli ni mfano mzuri: mwaka 2020 Netflix ilianza kuonyesha filamu 21 za studio hiyo karibu dunia nzima, lakini haikupata haki hizo kwa Marekani wala Japani, na Marekani zikaenda HBO Max. Katika jambo hili mtazamaji wa Mwanza ana nafuu kuliko binamu yake.

Kwa hiyo anza kwa kutafuta ukurasa wa kazi hiyo AniList, MyAnimeList au LiveChart (tovuti ya ratiba za anime), uangalie orodha ya huduma zilizonunua haki. Viungo vilivyowekwa hapo ni vya huduma halali, ila orodha haikuhakikishii kwamba huduma hiyo inaionyesha kazi hiyo katika nchi yako. JustWatch, tovuti inayoonyesha kazi fulani iko kwenye huduma gani, inakuruhusu kuchagua nchi, nayo ina kurasa za Kenya, Tanzania na Uganda. Baada ya hapo, fungua huduma yenyewe na ulitafute jina. Ikiwa wewe uko Toronto na anayeuliza yuko Kisumu, unachokiona wewe hakimhusu, kwa hiyo mtumie kiungo, yeye akifungue na akwambie kinachotokea kabla hajalipa chochote.

Crunchyroll ndiyo huduma kubwa iliyojengwa kwa ajili ya anime peke yake. Ilianzishwa mwaka 2006 ikiwa mahali pa mashabiki kupandisha video, na kuanzia 2009 ikageukia kazi zenye leseni. Sony iliinunua mwaka 2021, kisha ikaiunganisha na Funimation, ambayo ilizimwa kabisa tarehe 2 Aprili 2024. Nalitaja hili kwa sababu bado kuna orodha nyingi mtandaoni zinazowaelekeza watu Funimation. Ushauri wa anime huchakaa upesi, na kabla ya kuurudia ushauri wowote, wangu huu ukiwamo, hakikisha mlango unaotajwa bado uko wazi. Vilevile, tangu 2022 Crunchyroll iliacha kuonyesha bure anime mpya zinazotoka, kwa hiyo usimwahidi mtu kwamba ataangalia pale bila kulipia.

Netflix ina anime chache kuliko Crunchyroll, lakini ina faida kubwa kwetu: wengi tayari wanailipia nyumbani kwa ajili ya tamthilia, na katika nchi kadhaa za Afrika ina kifurushi cha simu pekee chenye bei ya chini. Prime Video nayo hufunguka katika nchi zetu. Kabla ya kumshauri mtu aongeze huduma nyingine, mwambie atafute kwanza ndani ya ile ambayo familia yake inailipia.

Kwa asiye na uwezo wa kulipia, YouTube ndiyo njia halali iliyo karibu zaidi. Kampuni kadhaa huweka kazi zao huko zenyewe. GundamInfo, kwa mfano, ni chaneli rasmi ya mfululizo wa Gundam na imekuwa ikiweka episodi nzima. Lakini chaneli za Muse Asia na Ani-One Asia, ambazo mashabiki wa India na Indonesia huzisifu sana, zimenunua haki za Asia, na video zao nyingi hukataa kufunguka huku kwetu. Usizipendekeze kabla ya kujaribu.

Ukiwa YouTube utakutana pia na episodi zilizopandishwa na watu wasio na ruhusa. Kuzitambua ni rahisi ukiangalia kwa makini: picha imegeuzwa kama kwenye kioo, imepunguzwa ikawekwa ndani ya fremu yenye mapambo, sauti za wahusika zimekuwa nyembamba au zinakwenda kasi kuliko kawaida. Mambo hayo hufanywa ili mtambo wa YouTube wa kulinda hakimiliki usiitambue video. Mgeni anayeanza na nakala ya namna hiyo hupata picha mbovu, sauti mbovu, na episodi ya 8 inayokosekana kwa sababu imekwisha kufutwa.

Kuhusu tovuti za wizi, flashi na VPN

Wengi wetu tuliijua anime kupitia duka la kujaziwa muvi kwenye flashi au tovuti isiyo na leseni, na sina nia ya kumhukumu mtu kwa mlango aliopitia. Ila anayetoa msaada leo ana wajibu wa kusema ukweli kuhusu hatari zake. Tovuti hizo hutoweka bila taarifa: KissAnime, iliyokuwa kubwa kuliko nyingi, ilifungwa Agosti 2020 baada ya wenye hakimiliki kuibana, na aliyekuwa akitunza humo kumbukumbu za alipofikia aliachwa mikono mitupu. Majina yale yale hurudi kwa anwani mpya, na nyingi kati ya hizo ni za matapeli walioiga rangi na nembo. Vitufe vya kupakua vilivyo vitatu kwenye ukurasa mmoja, ombi la kuruhusu arifa, tangazo linalodai kivinjari chako kimepitwa na wakati, na programu ya simu inayopakuliwa nje ya duka rasmi ni dalili za kuondoka hapo mara moja. Simu ambayo mtu anatazamia anime ndiyo hiyohiyo yenye akaunti yake ya M-Pesa.

VPN, yaani programu inayoifanya simu ionekane iko nchi nyingine, nayo ipewe maelezo kamili. Kuitumia kufungua orodha ya nchi nyingine ni kinyume cha masharti ya huduma nyingi, na VPN za bure mara nyingi hujilipa kwa kukusanya taarifa za mtumiaji. Kwa aliyeko Tanzania kuna jambo la kisheria: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kusajili matumizi yao. Usimshauri mtu aiwashe kana kwamba ni jambo dogo.

Hatua ya tano: malipo

Kikwazo kikubwa kwa vijana wengi si bei, ni kadi. Kenya, huduma ya M-PESA GlobalPay iliyoletwa na Safaricom pamoja na Visa mwaka 2022 humpa mtumiaji kadi ya mtandaoni inayochota salio lake la M-Pesa, nayo hupatikana kwenye programu ya M-PESA au kwa kupiga *334#. Tanzania, kampuni za simu na benki nazo hutoa kadi za mtandaoni zinazojazwa kutoka kwenye simu. Mweleze mwenzako aweke kiasi cha kulipia mwezi mmoja tu na ziada kidogo ya makato na ubadilishaji wa fedha. Kadi isiyo na salio kubwa ni kinga nzuri, maana huduma nyingi hujirudia kukata kila mwezi, na kipindi cha majaribio cha bure hugeuka malipo siku kinapoisha. Afute usajili mara tu baada ya kulipa. Kwa kawaida ataendelea kutazama hadi mwezi wake uishe.

Kuna njia ya kubana matumizi ninayoipendekeza kwa moyo wote. Anime nyingi hutoka kwa mafungu ya episodi 12 au 13, moja kwa wiki, ndani ya robo moja ya mwaka inayoanza Januari, Aprili, Julai au Oktoba. Anayetazama kila wiki atalipia miezi mitatu. Anayesubiri fungu likamilike atalipia mwezi mmoja, atazame lote pamoja na jingine alilokuwa analitamani, kisha apumzike hadi robo nyingine. Apitie pia ngazi za huduma kwa uangalifu: katika baadhi ya huduma ngazi ya chini kabisa hairuhusu kupakua, na kwa mtu wa bando kupakua ni jambo la lazima.

Hatua ya sita: bando

Episodi ya kawaida ina dakika 24 hivi. Kwa makadirio ya Netflix yenyewe, picha ya ubora wa kati hutumia takriban GB 0.7 kwa saa, na picha ya ubora wa juu inaweza kufika GB 3 kwa saa. Hiyo ina maana kwamba episodi moja hula MB 280 hivi katika ubora wa kati, na zaidi ya GB 1 katika ubora wa juu. Fungu la episodi 12 litahitaji GB 3.4 kwa namna ya kwanza, na zaidi ya GB 14 kwa namna ya pili. Kwenye skrini ya inchi 6 tofauti ya picha ni ndogo, lakini tofauti ya gharama ni kubwa mno. Ndani ya programu ya Netflix kuna chaguo la kubana data kwenye simu, ambalo kwa maelezo yao humpa mtazamaji saa 6 hivi kwa kila GB 1, sawa na episodi 15. Mwelekeze kwenye mipangilio hiyo kabla hajabonyeza chochote.

Njia bora zaidi ni kupakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, ya ofisini au ya jirani aliyekuruhusu, au kwa bando la usiku kama mtandao wako unalo, kisha kutazama bila intaneti. Akumbuke kwamba video zilizopakuliwa kwa njia halali huisha muda: baadhi hufutika baada ya siku 7, na nyingine saa 48 tangu alipoanza kuzitazama. Apakue episodi anazoweza kuzimaliza, asijaze simu.

Hatua ya saba: zijue saa za kutoka

Anayefuatilia anime mpya atakutana na ratiba ya Japani inayosema, kwa mfano, Jumamosi 25:30. Hakuna kosa la uchapaji hapo. Vituo vya Japani huhesabu usiku wa manane kama mwendelezo wa siku iliyotangulia, kwa hiyo 25:30 ya Jumamosi ni saa 7:30 usiku wa kuamkia Jumapili huko Japani, kwa hesabu yetu ya saa za Kiswahili. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, hivyo kwa mtu wa Nairobi, Kampala au Zanzibar hiyo ni Jumamosi saa 1:30 usiku. Lubumbashi, Kigali na Bujumbura ni saa 12:30 jioni, na Muscat ni saa 2:30 usiku. Huduma za kimataifa mara nyingi huchelewa kidogo baada ya televisheni ya Japani, na toleo lenye sauti za Kiingereza huweza kuchelewa kwa wiki kadhaa. LiveChart humwonyesha mtumiaji ratiba kwa saa za nchi yake.

Hatua ya nane: andika jibu kamili

Ukishayakusanya haya, yaandike mahali pamoja. Yule aliyeuliza kuhusu treni juu ya maji, akiwa Mwanza na simu yenye Netflix ya familia, anaweza kuandikiwa hivi:

"Unayoitafuta ni Spirited Away (Sen to Chihiro no Kamikakushi), filamu ya mwaka 2001, dakika 125. Ni filamu moja, haina mwendelezo. Itafute kwenye Netflix kwa jina la Kiingereza, na kama huioni niambie kabla ya kuhangaika kwingine. Ukiwasha ubanaji wa data itakula kama MB 350. Sauti iache ya Kijapani, maandishi weka Kiingereza. Watoto wanaweza kutazama nawe, ila mwanzoni wazazi wa msichana wanageuka nguruwe na mdogo anaweza kuogopa."

Jibu hilo lina mistari michache tu, lakini limemwondolea mtu jioni nzima ya kuhangaika. Mfundishe pia kufungua akaunti ya bure AniList au MyAnimeList na kuweka alama kila anapomaliza episodi, ili huduma ikifungwa au simu ikipotea, kumbukumbu zake zibaki.

Baada ya wiki chache atarudi na swali jingine: hadithi imekatika katikati, msimu mwingine haujatangazwa, afanye nini? Anime nyingi hufikisha sehemu tu ya manga. Tafuta episodi ya mwisho iliishia sura ya ngapi, jambo ambalo mashabiki huliandika karibu kwa kila kazi, kisha mwelekeze kwenye MANGA Plus ikiwa manga hiyo ni ya mchapishaji Shueisha. Huduma hiyo ilifunguliwa Januari 2019, inapatikana katika nchi zetu, sura mpya huwekwa siku ileile zinapotoka Japani, na sura tatu za mwanzo pamoja na tatu za karibuni husomwa bure. Ina Kiingereza, na kwa baadhi ya kazi ina Kifaransa. Mwambie aanzie sura moja nyuma ya pale anime ilipoishia, kwa kuwa watengenezaji mara nyingi huruka au huhamisha matukio madogo katika episodi ya mwisho, na kurasa za manga hula bando dogo sana kuliko video.